Ndege isiyo na taa: mzazi amjibu vipi mtoto?

KUNA maswali ya watoto ambayo mzazi huyajibu huku akiendelea kukuna nazi, na kuna yale yanayomfanya ainuke kwenye mbuzi. "Mama, ile ndege mbona haina taa?" ni swali la aina ya pili.

Katika Kaunti ya Lamu, swali hilo si geni. Wanajeshi wa Kenya waliingia Somalia Oktoba 2011. Juni 2014 Mpeketoni ikashambuliwa, na baada yake ikaja kafyu ya usiku. Septemba 2015 serikali ikaanzisha Operesheni Linda Boni katika msitu unaopakana na Somalia. Upande wa bara, ng'ambo ya visiwa, ipo kambi ya Manda Bay ambayo wanajeshi wa Kenya huitumia pamoja na wa Marekani. Alfajiri ya Januari 5, 2020, al-Shabaab waliishambulia kambi hiyo, wakaua Wamarekani watatu na kuharibu ndege kadhaa.

Mtu mzima anayejua historia hiyo akisikia mngurumo usiku, hujipa maelezo yake na kugeukia upande wa pili wa kitanda. Mtoto hana historia. Ana masikio, ana macho, na ana usiku mrefu wa kuunganisha vitu mwenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mvulana wa miaka tisa katika kijiji kimoja cha Kisiwa cha Pate. Mamake huuza mahamri na mbaazi asubuhi, babake ni mvuvi. Ni mtoto wa pili kati ya watatu, mtulivu, wa kuuliza mara moja tu na kunyamaza.

Ulikuwa msimu wa kaskazi, mbingu safi, stima imepotea tangu magharibi. Familia ilikuwa imetandika mikeka nje kutafuta upepo. Mngurumo ukaja kutoka upande wa bara, mzito, wa chini. Kila mtu akainua macho. Hakukuwa na taa yoyote angani, si nyekundu wala nyeupe. Mvulana peke yake ndiye aliyeona kitu: nyota moja ilizimika, ikawaka tena, kisha ya pembeni yake ikafanya vivyo hivyo, kana kwamba mtu anapitisha mkono mbele yake.

"Mama, ile ndege mbona haina taa?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Lala."

Jibu hilo hutolewa na wazazi wengi, na hutolewa kwa mapenzi. Lakini mtoto alikuwa ameona. Kuambiwa hakuna kitu hakukuifuta ndege kichwani mwake. Alichojifunza ni kwamba jambo lile halizungumziki.

Wiki iliyofuata alianza kuamka usiku wa manane. Mara mbili akalowesha kitanda, jambo ambalo lilikuwa limekwisha tangu kabla hajaanza shule. Mwalimu akatuma ujumbe kwamba anasinzia darasani. Mama akamnunulia dawa ya minyoo, akadhani ndiyo yanayomsumbua.

Kisha tochi ya baba ikapotea.

Ilikuwa tochi ya kuchaji kwa sola, ile anayojifunga kichwani anapotega nyavu usiku. Kwa miaka kadhaa wavuvi wa Lamu walikatazwa kuvua usiku kwa sababu ya usalama, na marufuku hiyo ilipoondolewa, taa njema ikawa chombo cha kazi kama kasia. Baba aliitafuta siku mbili. Aliazima ya jirani, ikamfia baharini, akarudi mapema na samaki wa kula nyumbani tu. Siku ya tatu mama aliingiza mkono kwenye debe la unga wa ngano na kugusa kitu kigumu.

Hakupiga kelele. Alimwita mtoto jikoni, akamwonyesha tochi iliyojaa unga, akangoja.

"Ndege inazima taa ili isionekane," mvulana akasema. "Baba ana taa. Ataonekana. Watamdhania ni mtu mbaya."

Mama alikaa chini. Hoja ya mtoto haikuwa ya kipumbavu. Alikuwa amechukua vipande alivyonavyo, yaani ndege iliyojificha, baba mwenye mwanga, na hadithi za watu wazima juu ya doria za baharini zilizosemwa wakati wa chakula kana kwamba watoto hawasikii, akavishona pamoja. Kisha akafanya kile anachokiweza mtoto wa miaka tisa ili kumwokoa babake: akaificha tochi.

Jioni ile baba hakwenda baharini. Aliketi na mwanawe barazani na kumweleza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amefikiria kumweleza. Taa ndiyo inayomlinda. Mashua isiyo na taa inaweza kugongwa na boti ya kasi ambayo nahodha wake haoni mbele. Na kwa askari wa doria, chombo kinachoelea gizani bila taa ndicho cha kutiliwa shaka. Mwenye taa ni mtu anayefanya kazi yake waziwazi.

"Kwa hiyo nikikuficha tochi, baba…?"

"Unaniweka gizani, mwanangu. Na mimi sitaki kuwa gizani."

Mvulana alilia kidogo, kisha akauliza swali lake la kwanza upya. Safari hii walikuwa wamemwita babu.

Babu alikuwa baharia wa majahazi, mtu wa kusoma njia kwa nyota. Hakuanza kwa kueleza ndege. Alimwamuru mjukuu wake alale chali, amwonyeshe zile nyota zilizozimika. Mtoto akaonyesha.

"Umeona vizuri," babu akasema. "Hicho kilichopita kiliziba nyota. Kitu kinachoziba nyota kina mwili, hakiwi jini wala pepo. Kina chuma na kina rubani, au kina mtu anayekiendesha kutoka mbali."

"Ni cha nani, babu?"

"Hilo silijui, mjukuu wangu. Ningelijua ningekwambia."

Mama alisema baadaye kwamba neno "silijui" ndilo lililomlegeza mtoto mabega. Kumbe babu naye hajui, na bado amelala chali bila wasiwasi.

Yapo mambo ambayo mzazi yeyote anaweza kumweleza mtoto, hata kama naye hajui ndege ni ya nani.

La kwanza ni taa zenyewe. Ndege ya abiria usiku huwa na taa nyekundu kwenye ncha ya bawa la kushoto, ya kijani kwenye bawa la kulia, na nyeupe nyuma. Juu ya hizo kuna taa za kumetameta za kuzuia migongano. Mtoto akifundishwa hilo anaweza kujua ndege inaelekea wapi: akiona nyekundu na kijani kwa pamoja, inamjia, akiona nyeupe pekee, inaondoka.

La pili ni kwamba ndege za kijeshi haziko chini ya kanuni zile zile. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga duniani, unasema katika kifungu cha 3 kwamba hauhusu ndege za serikali, yaani za jeshi, forodha na polisi. Unachotaka ni kwamba nchi zizingatie usalama wa ndege za kiraia zinapowawekea marubani wao masharti. Ndiyo maana ndege ya kijeshi yaweza kuzima taa zake ikiwa kazini. Marubani huvaa miwani ya kuonea gizani, ambayo huchukua mwanga mdogo wa nyota na mwezi na kuuzidisha mara nyingi. Kuzima taa hakumaanishi kwamba ndege imekuja kushambulia kijiji kilicho chini yake. Mara nyingi humaanisha kwamba haitaki kuonekana na mtu mwingine aliye mbali.

La tatu ni sauti. Sauti husafiri kilomita moja kwa karibu sekunde tatu. Ndege iliyo kilomita 11 juu, mngurumo wake huchukua zaidi ya nusu dakika kufika sikioni, na katika muda huo ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa imeshasogea kilomita nane hivi. Mtoto anayetazama pale sauti inapotoka hataona kitu, kwa sababu ndege imekwisha kupita. Nyingi kati ya "ndege zisizo na taa" ni ndege za kawaida zilizotafutwa mahali pasipo pake. Mtoto afundishwe kutazama mbele ya sauti, upande ule inakoelekea.

Halafu kuna michirizi.

Usiku wa mbalamwezi, mistari mirefu myeupe huonekana ikikatiza angani, mingine ikikaa muda mrefu na kutanuka, mingine ikifutika papo hapo. Mama yule aliwahi kupokea sauti ya WhatsApp, iliyosambazwa na mtu ambaye naye alisambaziwa, ikisema kwamba mistari hiyo ni dawa inayomwagwa usiku ili wanawake wasizae na watoto wawe wagonjwa. Iliishia kwa kuwaonya akina mama wasipeleke watoto kliniki kwa chanjo, kwa kuwa "mpango ni mmoja". Jirani yake, mwenye mtoto mchanga, aliisikiliza mara tatu.

Hapa ndipo jambo la angani linapogeuka kuwa la afya ya mtoto. Mtoto anayekosa chanjo ya surua kwa sababu ya mstari uliokuwa angani hukabili hatari ya kweli kwa kukimbia ile ya kudhaniwa.

Mstari wenyewe hufanyikaje? Injini ya ndege inapochoma mafuta hutoa hewa moto yenye mvuke wa maji. Katika kimo cha kilomita 11 juu ya pwani yetu, baridi hufika nyuzi 40 chini ya sufuri au zaidi. Mvuke huo huganda mara moja na kuwa chembechembe za barafu. Aliyewahi kufungua friji ya barafu dukani mchana wa joto na kuona ule ukungu mweupe ukimwagika amekwisha kuona jambo la jamaa yake. Kama hewa ya juu ina unyevu mwingi, barafu haiyeyuki upesi, na mstari hukaa na kutanuka kama wingu. Kama hewa ni kavu, hutoweka nyuma ya ndege. Ndege mbili zinazopita kwa kimo tofauti zinaweza kuacha moja mstari mrefu na nyingine isiache chochote, na hapo ndipo watu hupata shaka.

Mwaka 2016 watafiti wa Marekani waliwauliza wanasayansi 77 wa anga na kemia kama wamewahi kukutana na ushahidi wa mpango wa siri wa kunyunyiza sumu kupitia michirizi hiyo. Wanasayansi 76 walijibu hapana.

Ni haki pia kukiri kwamba ndege hunyunyiza dawa. Mwaka 2020, nzige walipovamia kaunti za kaskazini mwa Kenya, ndege zilinyunyiza dawa ya kuwaua. Nchini Botswana, mwaka 2001 na 2002, ndege zilinyunyiza dawa usiku katika bonde la Okavango kuangamiza mbung'o, kwa kuwa usiku hewa ya karibu na ardhi hutulia na ukungu wa dawa hushuka badala ya kupaa. Lakini ndege hizo ziliruka chini sana, karibu na vilele vya miti. Dawa ikimwagwa kutoka kilomita 11 juu, upepo ungeipeleka mbali sana na aliyekusudiwa. Mzazi anaweza kukiri jambo hilo bila kuogopa kwamba anaipa nguvu ile sauti ya WhatsApp. Mtoto, na hata jirani, huamini zaidi anayesema "hili ni kweli, lile si kweli" kuliko anayekana yote.

Si kila kimulimuli cha usiku ni ndege. Nukta inayosafiri bila kumetameta na bila sauti, ikakatiza anga kwa dakika chache na kufifia katikati ya safari, ni setilaiti iliyoingia kwenye kivuli cha dunia. Kituo cha Kimataifa cha Anga, chenye watu ndani yake, huzunguka dunia kwa karibu dakika 90 kikiwa kilomita 400 hivi juu. Na tangu Mei 2019, setilaiti za kwanza 60 za Starlink ziliporushwa kwa mkupuo mmoja, watu wa nchi nyingi wameona msururu wa nukta zikifuatana kama shanga kwenye uzi. Huonekana mara baada ya jua kutua au kabla ya kuchomoza, wakati chini ni giza lakini kule juu jua bado linazipiga. Huduma yake ya intaneti ilianza Kenya mwaka 2023, kwa hiyo huenda mtoto anayeshtuliwa na msururu huo kesho akaangalia katuni kupitia huo huo.

Pwani yetu yenyewe ina historia ya michirizi. Huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kati ya mwaka 1967 na 1988, roketi zilizobeba setilaiti zilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini. Desemba 12, 1970, Siku ya Jamhuri, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota, ya kwanza ya aina yake duniani. Ilipewa jina Uhuru, kwa heshima ya nchi ambayo ilirushwa kutoka pwani yake. Mtoto wa pwani anastahili kujua kwamba neno la lugha yake liliwahi kuzunguka dunia.

Je, mzazi afanye nini mtoto anapoanza kuogopa anga?

Kwanza amwulize kabla ya kumjibu. "Wewe umeona nini?" na "Wewe unafikiri ni nini?" ni maswali mawili ambayo yangeliokoa lile debe la unga. Hofu ya mtoto mara nyingi haiko pale mtu mzima anapoidhania. Mama yule alidhani mwanawe anaogopa bomu. Alichokuwa akikiogopa ni kumpoteza babake.

Pili, aseme ukweli unaolingana na umri. Kwa mtoto wa miaka minne yatosha: "Ni ndege, inapita, sisi tuko pamoja hapa." Kwa wa miaka tisa: "Sijui ni ya nani. Najua ndege za jeshi huruka bila taa wakati mwingine. Najua pia tutafanya nini tukiwa na wasiwasi." Kisha ampe hayo ya kufanya: aingie ndani, alale karibu na mkubwa, amwamshe mzazi bila kuogopa kukaripiwa. Asiahidi asichoweza kutimiza. "Hakuna baya litakalotokea kamwe" ni ahadi ambayo mtoto wa Lamu anaweza kuikagua kwa kusikiliza redio.

Tatu, alinde usingizi. Mtoto wa miaka sita hadi 12 anahitaji kulala saa tisa hadi 12 kwa siku, na yule wa miaka mitatu hadi mitano saa 10 hadi 13, pamoja na usingizi wa mchana. Kelele za ndege usiku hukatiza usingizi hata pale mtoto asipoamka kabisa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya, lilishauri kelele za ndege usiku zisizidi wastani wa desibeli 40. Mzazi hawezi kuzima injini angani, lakini anaweza kumlaza mtoto mapema, kumweka chumba cha ndani, na kuondoa simu na habari za mashambulizi saa moja kabla ya kulala. Mazungumzo ya hofu yafanywe mchana, kukiwa na mwanga.

Nne, asirekodi na kusambaza. Video ya ndege ya kijeshi gizani haimsaidii jirani kulala, na huweza kumweka mtu matatani na kuhatarisha walio kazini. Sauti ya kutisha isiyo na mwenyewe iishie kwenye simu iliyoipokea.

Tano, ajue wakati wa kutafuta msaada. Ni kawaida mtoto kuota vibaya kwa siku chache, kung'ang'ania nguo ya mama au kukataa kwenda chooni peke yake baada ya kushtuka. Lakini kitanda kikilowa tena kwa mtoto aliyekwisha kuacha, tumbo likiuma kila asubuhi bila ugonjwa, masomo yakishuka, au hofu ikiendelea zaidi ya mwezi mmoja, apelekwe kituo cha afya na aliyempeleka aeleze yote, pamoja na ndege. Wazazi wengi hutaja tumbo tu, na mtoto hurudi nyumbani na dawa ya tumbo. Walio mbali na kituo wanaweza kupiga simu ya bure ya watoto, nambari 116, inayofanya kazi kote nchini Kenya.

Wiki mbili baada ya tochi kupatikana, mvulana yule alikuwa akilala hadi alfajiri siku nyingi, ingawa si zote. Kuna usiku mngurumo ulipita chini sana na akaenda kwa mamake. Hakuambiwa hakuna kitu. Aliambiwa "nami nimeisikia", akasogezewa nafasi mkekani.

Wazazi wa Lamu hawakuichagua mbingu ya namna hii, na haijulikani itarudi lini kuwa ya nyota tupu. Kinachobaki mikononi mwao ni kama mtoto ataitazama akiwa peke yake na anayoyabuni, au akiwa na mtu mzima aliyelala chali kando yake, anayemjibu analolijua na kukiri asilolijua. Hilo halina gharama, na laweza kuanza leo jioni, hata stima ikipotea.